Je, Wajua? Kirusi Kilichopanda Ndege Kutoka Kampala

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu kilipatikana kwenye uvimbe wa mgonjwa wa Uganda?

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya kila upande, juu na chini. Meno yalikuwa yakilegea. Baadaye kidogo, huko Jinja, akaona mwingine vilevile.

Mwaka 1961 Burkitt, mtu wa jicho moja, alinunua gari kuukuu aina ya Ford. Yeye na wenzake wawili walizunguka kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali kuhusu uvimbe huo, ambao ni saratani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, kule kwenye malaria. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa adimu.

Desemba 1963 kipande cha uvimbe kama huo kilisafirishwa London kuchunguzwa. Ukungu! Ndege ikatua Manchester. Kilipofika maabara, maji yake yalionekana machafu, ya kumwagwa tu. Kumbe yalijaa chembe hai za saratani.

Mwaka 1964 watafiti wa maabara hiyo, Epstein, Barr na Achong, wakakiona kirusi humo. Kikaitwa Epstein-Barr, Achong, maskini, akaachwa nje. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho, na wengi hakiwadhuru.