Kutoka Kibanda cha Mashetani hadi Spider-Man

Ukiitazama tena Spider-Man 2 ya mwaka 2004, kaa sana kwenye chumba cha upasuaji. Daktari Octavius, adui wa Spider-Man, amelala hajitambui, na wapasuaji wanajiandaa kuikata mikono ya chuma iliyomganda mgongoni. Mikono inaamka kabla yake. Muziki hakuna. Tunasikia msumeno na mayowe, tunaona vivuli ukutani, na kucha za mwanamke zikikwaruza sakafu akiburutwa gizani. Damu karibu haionekani. Watoto waliokwenda kumwona shujaa wao walikutana na filamu ya kutisha, kwa sababu mwongozaji ni Sam Raimi.

Raimi, mzaliwa wa Michigan mwaka 1959, alianza bila studio. Yeye na wenzake walikwenda Tennessee kurekodi The Evil Dead katika kibanda cha msituni. Vyombo vya kuendeshea kamera hawakuwa navyo, wakaifunga kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku na kutimua mbio nao. Hivyo ndivyo walivyolipata jicho la shetani: mwenyewe humwoni, ila unajua anakuja. Filamu ilitoka 1981. Mwaka 1990 akatoa Darkman, shujaa wa kutisha aliyemtunga mwenyewe, na mwaka 2002 Spider-Man yake ikawa filamu ya kwanza kuvuka dola milioni 100 katika wikiendi yake ya kwanza Marekani. Kwangu mimi, siri yake ni kuchagua cha kuficha. Adui asiyetisha humfanya shujaa asiwe na kazi.

Kwetu Waswahili, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa filamu ya kutisha, Nsyuka, mwaka 2003, kwa kamera ya video tu. Naye Tobe Hooper, wa The Texas Chain Saw Massacre, alifungia kazi yake huku Ghuba: Djinn, iliyoonyeshwa Abu Dhabi mwaka 2013, imejengwa juu ya habari za mahame ya wavuvi ya Al Jazirah Al Hamra.

Nasi hapa Ibra, Oman, tunayo Al Munisfih, majumba ya udongo yaliyoachwa, na bibi zetu wanaosimulia majini wa mji wa Bahla kwa Kiswahili. Kijana mwenye simu aifunge kwenye ubao, apite nayo vichochoroni usiku, na jini asimwonyeshe upesi. Fedha kidogo aliyonayo anunulie kinasa sauti kizuri, maana picha yenye giza huvumilika, lakini sauti mbovu huiua hofu palepale. Ruhusa ya wenye nyumba aiombe mapema.