BUNDUKI MPYA YA UPEPO INAPOKOSA SHABAHA

Kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Tangu hapo wamevuka bahari na kuenea mwambao, Bagamoyo ikiwemo, ambako hula mayai na makinda ya ndege wa asili, hunyakua vifaranga na kudonoa samaki walioanikwa. Bunduki ya upepo ni mojawapo ya zana za kupambana nao. Lakini mwenye bunduki mpya mara nyingi hulalamika kwamba haipigi pale inapolengwa, na huirejesha dukani kabla ya kuikagua.

Ifahamike kwamba bunduki ya kukunja mtutu haina baruti. Mtutu ukikunjwa, springi hubanwa. Kifyatulio kikivutwa, springi husukuma pistoni, na pistoni huisukuma hewa inayotoa risasi. Kwa hiyo skrubu iliyolegea au hewa inayovuja huonekana mara moja kwenye shabaha.

Katika siku za mwanzo bunduki mpya huweza kutoa moshi na mlio mkali. Hayo ni mafuta ya kiwandani yanayoungua, na mwendo wa risasi hubadilika kila mara. Mtutu usafishwe kwa kitambaa kikavu, kisha zipigwe risasi kadhaa mpaka hali itulie, ndipo marekebisho yaanze.

Baada ya hapo ibandikwe karatasi umbali wa mita 10, nyuma yake pakiwa na gunia nene la mchanga, na zipigwe risasi tano za aina moja. Matokeo yasomwe hivi:

1. Matundu yakikusanyika pamoja lakini mbali na alama, bunduki ni nzima. Kilengeo cha nyuma kisogezwe upande ule ambao risasi zinatakiwa ziende.

2. Matundu yakitawanyika, zikazwe skrubu za kitako, bawaba ya mtutu na vishikizo vya darubini kama ipo. Ijaribiwe aina nyingine ya risasi, ya kipimo kile kile cha mtutu, 4.5 au 5.5 milimita. Mpigaji naye ajikague: bunduki ya springi hutikisika kabla risasi haijatoka, hivyo ilazwe juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, wala isiegemezwe juu ya kitu kigumu.

3. Matundu yakizidi kushuka chini, huenda hewa inavuja. Kipande cha karatasi laini kiwekwe juu ya maungio ya mtutu, kisha ipigwe risasi. Karatasi ikiruka, kizibo cha hewa kimechakaa au kimekaa vibaya, na kazi hiyo apewe fundi, kwa kuwa springi iliyobanwa huweza kumjeruhi asiyeizoea.

Bunduki isifyatuliwe bila ya risasi, kwani pistoni hujigonga na kuharibika. Isiachwe imekunjwa kwa muda mrefu, na wakati wa kutia risasi mtutu ushikwe imara usije ukarudi na kukata vidole. Mafuta ya kawaida yasitiwe ndani ya chumba cha hewa. Kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi, chuma cha nje kipanguswe kila baada ya matumizi kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Mikono ioshwe kabla ya kula, kwani madini ya risasi ni sumu.

Wananchi wanakumbushwa kupata maelekezo ya kituo cha Polisi kuhusu umiliki, na idhini ya maofisa wa wanyamapori kabla ya kumpiga ndege yeyote. Risasi ya upepo iliyoelekezwa juu huweza kwenda mita mia kadhaa. Asiyeweza kuzikusanya risasi zake tano karibu karibu kwenye karatasi asimlenge kiumbe mwenye uhai: kunguru aliyejeruhiwa huteseka bure, na risasi iliyomkosa huweza kuangukia uani kwa jirani.