Kinanda cha bei nafuu, Seoul na Kahama

Ukipeleka memori kadi kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo hapa Nyasubi, mjini Kahama, utaulizwa unataka mchanganyiko gani. Wengi watataka Bhudagala na Nelemi Mbasando, wanaoimba Kisukuma juu ya kinanda cha umeme. Wapo pia, hasa wasichana wa sekondari, watakaoomba Wakorea: NewJeans, aespa, na dada zao wakubwa f(x). Mwenye kibanda ataziweka zote kwenye folda moja, na hatakuwa amekosea, kwa sababu zina undugu wa karibu kuliko zinavyoonekana.

NewJeans walianza wakiwa wasichana watano, waliotolewa Julai 2022 na ADOR, kampuni ya muziki iliyo chini ya HYBE. Sikiliza "Ditto", wimbo wao wa Desemba mwaka ule. Mwendo wake ni kama mapigo 134 kwa dakika, kasi ya kurukaruka. Ngoma kubwa ya kompyuta hupiga mara tano ndani ya hesabu nne: tatu za mwanzo zimepangwa sawasawa, mbili za mwisho zinasukumana kama abiria waliochelewa basi. Mtindo huo ulizaliwa kwenye kumbi za dansi za Baltimore, Marekani, ukapata tawi New Jersey. Juu ya haraka yote hiyo wasichana wanaimba polepole, kwa sauti iliyo karibu na mnong'ono, maneno yakitembea kwa nusu ya mwendo wa ngoma. Miguu inaambiwa ikimbie, sikio linaambiwa litulie. Ubunifu wao ndio huo. Wala hapana haja ya milio ya ajabu ajabu.

Kabla yao walikuwepo f(x) wa kampuni ya SM Entertainment, walioanza 2009. Hao ni miongoni mwa waliowazoesha Wakorea kusikia elektroniki yenye kona kali kutoka kwa kikundi cha wasichana cha redioni: "Electric Shock" mwaka 2012, albamu ya "Pink Tape" 2013, kisha "4 Walls" 2015, ambayo mdundo wake wa hausi ulitungwa na Waingereza wawili wanaojiita LDN Noise. SM ilikuwa ikiwakusanya watunzi wa Ulaya na Marekani studio Seoul, watunge pamoja na Wakorea, halafu vipande bora viunganishwe. Mimi binafsi nawapenda f(x) kuliko hawa wa sasa. Lakini utaratibu ule ni wa fedha nyingi, na ndio unaowafanya watu waamini kwamba muziki wa namna hii hauwezekani bila fedha nyingi.

Anayeivunja imani hiyo ni mtayarishaji aliyeshiriki kutengeneza "Ditto" na "Hype Boy" za NewJeans, Lee Ho-hyeong, ambaye jina lake la kazi ni namba tu: 250. Machi 2022, miezi michache kabla ya NewJeans kutoka, alitoa albamu yake "Ppong". Alikuwa ameihangaikia kwa miaka, akiufuatilia ppongjjak, muziki ambao watu wa hadhi Seoul waliuonea haya. Ni kinanda cha bei nafuu chenye midundo iliyowekwa tayari kiwandani, mwimbaji akiunganisha nyimbo moja baada ya nyingine bila kupumzika, na kaseti zake ziliuzwa kwenye vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu. Mfalme wake alikuwa E Pak-sa, aliyekuwa akiongoza abiria kwenye mabasi ya watalii na kuwaimbia humo humo. Mwaka 1996 Sony ya Japani ikamtolea albamu. 250 aliwatafuta yeye na mpiga kinanda wake, Kim Su-il, akawaingiza kwenye kazi yake. Mwaka 2023 "Ppong" ikatangazwa albamu ya mwaka katika Tuzo za Muziki za Korea.

Mtu wa Kahama hapo hahitaji maelezo zaidi. Mji umekaa kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi ikauletea watu na fedha, na kwenye sabufa za stendi na baa kinalia Kisukuma cha kinanda, muziki uliopikwa kwa kompyuta moja ndani ya chumba kimoja. Mdundo wa tayari, gitaa linazunguka mstari uleule, mwimbaji anawataja waliomsaidia kwa majina na vijiji vyao, jina la studio likitamkwa katikati ya wimbo. Watu wa Dar huucheka. Seoul nako walicheka.

Kinachonivutia zaidi ni kwa nini muziki wa namna hii hubadilika haraka, na Wasukuma wana jibu la zamani. Vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, pande zote mbili zikicheza kwa wakati mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji wakianza kuhama, kiongozi wa ngoma hana budi kuzusha jambo jipya palepale. Ndiyo sababu ngoma hizo zimefikia hata kuchezwa na nyoka shingoni. Sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Mwanza, bado ina mashindano hayo. Korea wanayafanya kwenye televisheni: vipindi kama Music Bank na Inkigayo hupambanisha nyimbo kila wiki, na mashabiki wamejipanga kwa majina, wa NewJeans wakiitwa Bunnies. Kikundi kinachorudi na kitu kilekile kinawaona watu wakihamia kwa jirani.

Katika kuufikisha mbali muziki wa vifaa vya bei nafuu, Dar es Salaam ilishatangulia. Singeli ya Manzese na Tandale, inayokimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ilikua kutokana na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", na baadaye kina Jay Mitta na Bamba Pana wakapanda majukwaa ya Ulaya.

Huku kwetu natamani kumsikia mtu akifanya kazi ya 250: achukue mstari wa kinanda cha Kisukuma na mikwaruzo yake, chini yake aweke ngoma ya mara tano, wasichana watatu waimbe kwa nusu mwendo. Ugumu utakuwa kwenye lugha. Kikorea cha Seoul hakitegemei sana kupanda na kushuka kwa sauti ili kutenganisha maneno, hivyo mtunzi anaupeleka wimbo atakako. Kisukuma kina toni. Ukiyavuta maneno yake kwenye mstari uliotungwa Ulaya, bibi wa Ushetu hatajua wajukuu wanaimba nini. Prodyuza atapaswa kuanza kwa kurekodi maneno yakisemwa kawaida, asikilize yanapopanda na yanaposhuka, ndipo aguse kinanda.