Kioo cha Mwisho Mlimani

Tarehe 10 Aprili 1927 kijana mmoja wa Kimarekani alipanda milima ya Yosemite, katika jimbo la California, akiwa amebeba kamera ambayo haikuweza kutiwa mfukoni wala kuning'inizwa shingoni. Mgongoni alichukua sanduku la kamera, lenzi, vichujio viwili vitatu, stendi ya miguu mitatu, na vioo 12 vilivyopakwa dawa ya kupigia picha. Jina lake lilikuwa Ansel Adams, na umri wake miaka 25. Alikuwa ameanza kupiga picha mwaka 1916 kwa kamera ndogo ya sanduku aliyopewa na baba yake, lakini kazi aliyotumaini kuishi nayo ilikuwa kupiga piano. Kamera kubwa ilikuwa bado ikimfundisha adabu.

Chombo hicho, kwa kweli, ni sahili kuliko kinavyoonekana. Mbele pana lenzi, nyuma pana kioo chenye ukungu, na kati yake umo mvukuto wa ngozi unaozuia mwanga wa pembeni. Mpigaji hujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akaitazama sura ya mlima juu ya kioo kile, ikiwa imepinduka kichwa chini na kushoto kwake kumekuwa kulia. Akisha kuusogeza mvukuto hata sura ikawa wazi, huifunga lenzi, akapachika nyuma yake kibweta chenye kioo cha dawa, akakivuta kifuniko chembamba cha kibweta, ndipo akaifungua lenzi kwa muda aliouhesabu. Tangu kibweta kipachikwe, haoni tena chochote kupitia lenzi. Wanaoanza hukosea papa hapo: mmoja husahau kuifunga lenzi kabla ya kuvuta kifuniko, mwingine hupiga picha mbili juu ya kioo kimoja. Kosa likitendeka, kioo kimekwenda.

Kwa nini basi mtu ajitaabishe? Hesabu ndogo inatosha kujibu. Vioo vya Adams vilikuwa na upana wa inchi 6.5 na urefu wa inchi 8.5, yaani eneo la sentimita za mraba 356 hivi. Picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina sentimita za mraba 8.64 tu. Kioo kile kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 40, na kila ufa wa jabali ulipata nafasi yake.

Adams na wenzake, miongoni mwao Virginia Best aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1928, walifika kwenye ukingo wa mwamba uitwao Diving Board. Mbele yao ulisimama uso wa Half Dome, jabali la matale ambalo kilele chake kipo kwenye kimo cha meta 2,695 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso huo ulikuwa bado kivulini, ikabidi wangoje mpaka jua lilipoanza kuumulika kwa ubavu. Wakati huo vioo vilivyosalia vilikuwa viwili.

Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano, kama ilivyokuwa desturi. Alipokuwa akirudisha kifuniko alitambua kwamba picha haitakuwa ile aliyoiona moyoni. Mbingu ingetoka kijivu cha kawaida, na jabali lingepoteza utisho wake. Kikabaki kioo kimoja. Akakitoa kichujio chekundu iliyokoza, akakiweka mbele ya lenzi.

Hapa fizikia yahitaji kutazamwa kwa makini. Anga ni buluu kwa sababu molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu. Mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanometa 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu wa nanometa 650. Kichujio chekundu huizuia buluu na kuupitisha wekundu, na kwa kuwa anga safi hutoa wekundu mchache, mbingu hugeuka karibu nyeusi. Vivuli navyo hukolea, maana vinaangazwa zaidi na mwanga wa anga kuliko wa jua. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili bila kamera: atazame anga na mawingu meupe, akiwa amelipa jua mgongo, kupitia karatasi nyekundu ya plastiki. Buluu itafifia, mawingu yatabaki yanang'aa.

Lakini kichujio hudai malipo. Kile cha Adams kilipunguza mwanga hata ikapasa muda uzidishwe mara 16. Tundu la lenzi likiwa f/22, yaani kipenyo chake ni sehemu moja ya 22 ya urefu wa fokasi, aliiacha lenzi wazi kwa sekunde 5. Bila kichujio zingetosha kama thuluthi moja ya sekunde. Tena vioo vyake vilikuwa vya aina inayohisi rangi zote. Vioo vya zamani, ambavyo viliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, visingeuona mwanga ule hata kidogo.

Kioo kilipotiwa dawani, sura ikatoka: jabali linang'aa upande mmoja, theluji nyeupe, na mbingu ya giza. Wako wasemao kwamba picha ya namna hiyo inasema uongo, kwa kuwa siku ile hakuna aliyeona mbingu nyeusi. Hoja hiyo ni dhaifu. Hakuna aliyeona mlima wa kijivu pia. Mtu anayepiga picha isiyo na rangi hana budi kuamua kila rangi igeuke kijivu cha kiasi gani, na asipoamua yeye, dawa ya kioo itaamua. Adams mwenyewe aliihesabu picha hiyo kuwa ya kwanza ambayo aliiona akilini kabla ya kuifungua lenzi.

Mwaka 1937 moto ulizuka katika chumba chake cha giza huko Yosemite, ukaharibu picha hasi nyingi. Kioo kile kilisalimika. Adams alifariki mwaka 1984, na hazina ya picha zake hasi imetunzwa katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson.