Nukta nyeusi za dhahabu ndani ya seli

Hadubini ya elektroni huona karibu kila kilichomo ndani ya seli, lakini haikutajii jina la chochote. Utaona utando, utaona mitokondria na mikunjo yake, utaona vifuko vidogo vidogo vilivyobanana, vyote vya kijivu. Ni kama picha ya Kariakoo iliyopigwa kutoka angani: mapaa yote yapo na mitaa inaonekana, ila duka lipi la nani hujui. Kwa mtafiti wa maradhi, pengo hilo ni kubwa. Hatafuti kujua kwamba pale pana utando. Anataka kujua kama protini fulani, ile inayomwezesha kimelea kung'ang'ania ndani ya mshipa wa damu wa mtoto, imekaa juu ya utando ule au la.

Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya kwanza ya aina hii mjini Berlin mwaka 1931. Hadubini ya mwanga hushindwa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Protini nyingi hazifiki hata upana wa nanomita 10. Elektroni hufika huko, lakini hazina rangi. Kinachochora picha ni uzito wa atomi: elektroni hupita kirahisi kwenye kaboni, hidrojeni na oksijeni, ambazo ndizo zinazojenga protini, na hutawanyika zinapogonga metali nzito. Ndiyo maana sampuli hutiwa osmiamu, urani na risasi. Metali hizo hushika huku na huko bila kuuliza hii ni protini gani, na maelfu ya protini za seli hubaki zikifanana.

Ufumbuzi ulitoka kwenye kinga ya mwili. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, na kila moja hunasa umbo lake tu. Mdunge sungura protini unayoitafuta, na baada ya wiki kadhaa damu yake itakuwa na kingamwili za protini hiyo. Mwaka 1959, S. J. Singer wa Marekani aliziunganisha kingamwili na feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, ambayo moja tu huweza kubeba maelfu ya atomi za chuma. Chuma hicho kilionekana hadubinini. Nukta zake, hata hivyo, ni hafifu. Mwaka 1971 Faulk na Taylor walitumia dhahabu badala yake, wakaijaribu kwa bakteria wa Salmonella, na hadi leo dhahabu ndiyo inayotumika zaidi. Chembe zake hutengenezwa kwa kipimo unachotaka, nanomita 5, 10 au 15, na kwenye picha huwa duara nyeusi zenye ukingo safi, zisizofanana na kitu chochote ambacho seli hujitengenezea. Protini mbili zinaweza kuoneshwa pamoja, moja kwa chembe ndogo na nyingine kwa kubwa.

Mezani, kazi hii inahitaji mkono mtulivu. Seli hukazwa kwa dawa, kisha huzamishwa ndani ya resini inayoganda ikawa ngumu. Kisu cha kioo au cha almasi huikata vipande vyenye unene wa nanomita 70 hivi, vinavyoelea juu ya maji nyuma ya makali ya kisu. Unene ukiwa sawasawa, kipande humeta rangi ya fedha. Fundi hukiokota kwa wavu wa nikeli wenye upana wa milimita 3, akiushika kwa kibanio. Wavu huo hulazwa kifudifudi juu ya tone la maji yenye protini ya kawaida, ili sehemu zinazonata ovyo zishibe kwanza. Kisha huhamishiwa kwenye tone la kingamwili, husafishwa tone kwa tone, hulazwa juu ya tone la dhahabu, na husafishwa tena. Mwisho hutiwa urani kidogo ili utando uonekane. Siku nzima inaweza kwisha kwa nyavu chache tu.

Umuhimu wa haya yote unaonekana wazi kwenye malaria. Kimelea cha Plasmodium falciparum huishi ndani ya seli nyekundu ya damu, na seli aliyoivamia huota vinundu juu ya uso wake, kila kimoja na upana wa nanomita 100 hivi. Hadubini ya elektroni ilivionesha vinundu hivyo mapema, lakini havikuwa na maelezo. Kingamwili zenye dhahabu ndizo zilizoonesha kwamba chini ya kila kinundu imerundikana protini ya kimelea iitwayo KAHRP, na kwamba juu yake imesimama nyingine, PfEMP1. Hiyo ya pili ndiyo inayonata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Seli zenye kimelea zinapojazana kwenye mishipa ya ubongo, mtoto anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliondoa jeni ya KAHRP kwenye kimelea. Vinundu vilitoweka, na seli zikashindwa kushikilia vizuri mbele ya mkondo wa maji unaoiga mwendo wa damu. Nukta nyeusi zilikuwa zimesema kweli.

Kilichonivutia zaidi ni safari ya protini hizi. Seli nyekundu ya binadamu haina kiini wala mitambo ya kusafirisha protini, kwa hiyo kimelea hulazimika kujijengea njia yake mwenyewe ndani ya nyumba ya watu. Nusu njiani kuna vifuko bapa vinavyoitwa mianya ya Maurer, kwa jina la daktari wa Kijerumani aliyeviona chini ya hadubini ya kawaida zaidi ya karne moja iliyopita. Dhahabu imezikuta protini zinazoelekea kwenye uso wa seli zikipitia hapo. Nazo PfEMP1 hazifanani: kimelea ana jeni zake zipatazo 60 na hubadilisha moja baada ya nyingine. Mwaka 1998 watafiti wa Kilifi, Kenya, walionesha kwamba watoto huugua kutokana na vimelea ambavyo uso wake haujatambuliwa bado na kingamwili zao. Anayetafuta chanjo dhidi ya uso unaobadilika namna hiyo hana budi kujua kwanza ni nini hasa kimesimama pale juu.

Lakini picha za namna hii zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu nukta haikai juu ya protini yenyewe. Katikati yake huwa kuna kingamwili, mara nyingi mbili zilizounganishwa, na dhahabu inaweza kuwa umbali wa nanomita 20 kutoka protini inayooneshwa. Utando una unene wa nanomita 7 hivi tu. Nukta iliyo nje ya utando, basi, inaweza kuwa ya protini iliyo ndani. Tena, kukosekana kwa nukta hakumaanishi kukosekana kwa protini, kwani nyingi hufichwa na resini. Mtafiti makini huandaa pia kipande cha kimelea asiye na jeni husika: dhahabu ikijitokeza hapo kwa wingi, picha zote za siku hiyo zina mashaka.

Kuna mvutano mwingine, na naona huu ndio mzito kuliko wote. Glutaraldehaidi, dawa inayohifadhi umbo la seli vizuri kabisa, huharibu sura ya protini kiasi kwamba kingamwili haiitambui tena. Ukiipunguza, kingamwili hunasa, lakini utando huvurugika. Kiyoteru Tokuyasu, aliyefanya kazi California, alipunguza tatizo hilo mwaka 1973: aliloweka seli kwenye sukari nzito, akazigandisha, akazikata zikiwa barafu, bila resini. Njia yake bado inatumika, ingawa kuijua vizuri huchukua muda mrefu.

Wengine wameamua kuachana na kingamwili kabisa. Mwaka 2012 maabara ya Alice Ting, wakati huo katika chuo cha MIT, ilitangaza APEX, kimeng'enya kilichotokana na mimea ya jamii ya mikunde. Jeni yake huunganishwa na jeni ya protini inayochunguzwa, na seli hujitengenezea alama hiyo yenyewe. Seli zikishakazwa hutiwa kemikali iitwayo DAB pamoja na hidrojeni peroksaidi. APEX huigeuza DAB kuwa mashapo yanayoshika osmiamu, na mahali hapo huwa peusi. Kwa kuwa alama iliwekwa seli ikiwa hai, glutaraldehaidi haiisumbui.

APEX ilimaliza ubishi mmoja mara moja. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalitambua MCU, protini inayopitisha kalsiamu kuingia ndani ya mitokondria, lakini yakatofautiana kuhusu upande ambao ncha zake zinaelekea. Ting na wenzake waliunganisha APEX na protini hiyo, na weusi ukajaa upande wa ndani kabisa wa mitokondria.

Weusi wa DAB, hata hivyo, husambaa kama wingu, na huwezi kuhesabu protini ngapi ziko ndani ya wingu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Warwick, Uingereza, walichapisha njia inayorudisha nukta zinazohesabika bila kumdunga sungura: seli hupewa jeni za feritini, ileile ya Singer, hulishwa chuma, na dawa maalumu huiamuru feritini iende kushika protini inayotafutwa kabla seli haijakazwa.