Kompyuta Iliyolala Stoo

Ndugu wanafunzi wa Mbebe, nanyi nyote wa mkoa wa Songwe mnaosikiliza, fungueni madaftari.

Leo tutasema habari za kompyuta kuukuu. Imewekwa stoo pamoja na magunia. Ndani yake mna hesabu za chama za miaka mingi, na hakuna aliyezinakili. Siku zikitakiwa, mashine haiwaki. Mashine hizi si ngeni kwetu: ya kwanza katika nchi hii iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965.

Andikeni neno hili: ka-pa-si-ta. Kapasita ni kikopo kidogo kinachosimama juu ya bodi ya kompyuta. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa unapohitajika, kama mtungi utunzavyo maji. Aina tunayoisema leo ina majimaji ndani. Joto na umri huyakausha, au huyafanya yavuje. Yakivuja hula njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 zilipata kapasita mbovu tangu kiwandani, zikafa mapema.

Utazijuaje? Tazama kichwa chake. Kikiwa bapa, vema. Kikivimba, au ukiona ugaga wa kahawia, kapasita imekwisha. Nyingine hufa bila dalili. Hapo fundi hutumia mita.

Wako wasemao zibadilishwe zote kabla hazijaharibika. Kwa mashine za karibu mwaka 1990, ambazo kapasita zake ndogo hujulikana kwa kuvuja, nakubali. Kwa nyingine, kagua kwanza, maana mkono usiozoea kulehemu huharibu bodi nzima. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile. Volti ziwe sawa au zizidi kidogo, zisipungue. Mstari ubavuni huonyesha upande wa hasi. Ukigeuza, kapasita yaweza kupasuka.

Sikilizeni sana hapa. Sanduku la kugawa umeme msilifungue. Kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata waya ukichomolewa, nao waweza kuua mtu. Mwachieni fundi.

Sasa kuweka. Kwanza nakilini hesabu mahali pengine. Kisha toeni betri ya bodi. Ile ya mviringo kama pipa dogo, katika mashine za kabla ya mwaka 1995 hivi, huvuja vibaya kuliko kapasita. Wekeni kompyuta juu ya ubao, mbali na sakafu na ukuta, hasa masika ya huku kwetu, Novemba hadi Aprili. Msiifunge kabisa katika mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu, kwani unyevu hukosa pa kutokea. Shuka kuukuu yatosha kuzuia vumbi.

Mwisho, bandikeni karatasi juu yake. Kila mmoja aandike sasa katika daftari:

BETRI IMETOLEWA. KAPASITA ZIMEKAGULIWA. TAREHE ........

Mwalimu wa darasa atasahihisha.