Kushona Kejani: Makosa Nilifanya Ndio Wewe Usirudie

Kama umeshinda TikTok ukicheki watu wakigeuza shuka ya mtumba kuwa shati kali, halafu ukajiambia "hata mimi naweza," hii stori ni yako. Na ukweli ni kwamba unaweza. Lakini kuna vitu hizo video za dakika moja huruka, na hizo ndizo zilinichoma.

Acha nikuambie vile ilienda. Mathe alikuwa amenunua kitenge, yadi sita, akaweka kwa sanduku akingoja kukidunga siku yangu ya graduation. Hiyo siku haikufika. Karo iligoma nikiwa mwaka wa pili, nikatoka chuo, kitenge kikabaki hapo. Hajawahi kuniuliza kitu. Sasa mwaka jana nikaona nimshonee gauni na cherehani yake mwenyewe, iwe surprise. Nikapima na gauni yake ya zamani, nikakata, nikashona usiku mbili. Akaivaa Jumapili akicheka hadi macho yakajaa machozi. Jumatatu akaifua. Ilitoka kwa kamba imebana kifua mpaka zipu inakataa kupanda. Zaidi ya yadi tatu, kwisha.

Hakunigombesha. Alisema tu, "Si bado kuna zingine?" Manze, hiyo iliniuma kuliko angenichapa. Ndio nikaanza kujifunza polepole, na haya ndiyo nimepata.

Fua kabla ya kukata

Hii ndio ilinimaliza. Kitambaa cha pamba kikitengenezwa huvutwa sana kwa mashini. Ukikiloweka kwa maji, nyuzi zinalegea na kurudi vile zilikuwa, kwa hivyo kitambaa chenyewe kinarudi, yaani kinapungua. Ukishona kabla ya kufua, nguo ndiyo itapungua ikiwa kwa mwili wako. Kifue vile utakuwa unafua hiyo nguo baadaye, kianike, kipige pasi, halafu ndio ushike makasi.

Jua cherehani inafanya nini

Cherehani haishoni kama mkono. Inatumia nyuzi mbili: moja juu inapita kwa sindano, nyingine chini iko kwa bobini. Hizo mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Siri kubwa ni sindano yenyewe, tundu lake liko karibu na ncha, si kwa mkia kama ile ya mkono. Elias Howe alipata hataza ya mashini ya aina hiyo Marekani mwaka wa 1846, na Isaac Singer akaja na yake 1851. Hadi leo mashini ya mathe wako inafuata njia ile ile.

Kwa nini ujue hii? Kwa sababu siku moja utageuza kitambaa upate uzi umejaa chini kama kiota cha ndege. Utalaumu bobini. Mara nyingi shida iko juu, uzi haujakaa vizuri pale unapobanwa. Inua mguu wa cherehani kabla ya kupitisha uzi. Mguu ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi vinafunguka na uzi unaingia ndani. Ukiwa chini vimefungwa, uzi unaelea tu. Nilihangaika wiki nzima na hiyo kitu, na dawa yake ni sekunde mbili.

Sindano si moja ya kila kitu

Zile namba kwa paketi si mapambo. Kitenge na shuka, tumia 80/12. Jeans, panda hadi 100/16, la sivyo utavunja sindano na uogope jicho lako. Tishati inayovutika inataka sindano ya ncha ya duara, kwa sababu hiyo inasukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Ukiona mshono unaruka ruka, badilisha sindano kwanza kabla uite fundi. Ni kitu ya bei ya chini kuliko vyote kwa hiyo mashini.

Haribu kitu ya bei rahisi

Kata muundo kwa gazeti kwanza. Halafu shona ile nguo na shuka kuukuu ya Gikomba, hata kama ni ya maua mabaya. Ivae, kaa chini, inua mikono. Ikikubana kwapani utajua sasa, na si baada ya kukata kitambaa cha maana. Mimi ningefanya hivi, huu ukurasa haungekuwa na stori.

Pasi ni nusu ya kazi

Cheki mafundi wa mtaa, pasi haiko mbali nao. Kila mshono ukimaliza, upige pasi kabla ya kuushonea mwingine juu. Nguo ya "nilijishonea" na nguo ya fundi mara nyingi zinatofautiana hapo tu.

Huna ovaloki? Tulia

Kuna mshono unaitwa wa Kifaransa. Acha nafasi ya sentimita 1.5. Weka vitambaa ndani kwa ndani, yaani upande mzuri uonekane, shona milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza ukingo ubaki milimita 3. Geuza, piga pasi, sasa upande mzuri uangaliane ndani, shona tena milimita 9. Ule ukingo wa nyuzi unajificha ndani ya mshono, hakuna kinachofumuka. Iko fiti kwa kitambaa chepesi. Kwa jeans usijaribu, itavimba.

Vifaa: usiharakishe

Usimalize doo kwa vitu za kupendeza. Anza na makasi ya kitambaa pekee (ukikatia karatasi, yanaisha makali), futi, pini, na kale kauma kadogo ka kufumua mshono. Hako utakatumia sana, usione aibu. Chaki hauna? Kipande kikavu cha sabuni kinachora vizuri na kinatoka ukifua. Mguu wa zipu na mengine nunua siku unayahitaji.

Sasa ile yadi mbili na kitu iliyobaki? Niliifua mara mbili. Nikakata gazeti, nikajaribu na shuka, halafu nikashona sketi ya lastiki kiunoni. Hakuna zipu, hakuna mbwembwe, kitu ya level yangu. Mathe ameifua si mara moja tangu hapo, na bado inamtosha. Pindo limepinda kidogo upande wa kushoto, na akiulizwa na marafiki wake kanisani, anawaonyesha hapo hapo penye pamepinda.

Kwa hivyo kama kuna kitambaa kimekaa kwenu kikingoja siku kubwa, kitoe. Kiloweke leo jioni. Makasi yatangoja hadi kikauke.